Baada ya Tamko: Kisa cha Tawi Moja la Upinzani Dar es Salaam na Uchaguzi Uliosusiwa

## Kisa chenyewe

Tukijadili kususia uchaguzi, kawaida tunaanzia juu: mwenyekiti wa taifa kasema nini, waziri kajibu nini, mabalozi wametoa tamko gani. Kisa hiki kinaanzia chini, kwenye tawi moja la chama cha upinzani Dar es Salaam, Novemba 2019, wakati vyama vikubwa vya upinzani vilipojitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa nchi nzima. Nimekifuata mpaka uchaguzi wa wabunge wa Oktoba 2020, kwa sababu huko ndiko gharama yake ilikoonekana vizuri.

Majina ya mtaa, kata, jimbo na chama nimeyaondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Wahusika nawaita kwa nafasi zao: Mwenyekiti, Katibu, Mama Lishe na Fundi. Nimekiandika kwa ajili ya viongozi wa matawi na kata, wa chama chochote, kwa sababu hao ndio hupokea maamuzi ya kususia wakiwa tayari wamekwishajaza fomu.

## Usuli

Desemba 2014, vyama vilivyoungana kwa jina la UKAWA vilichukua mitaa mingi ya Dar es Salaam. Miezi kumi baadaye, Oktoba 2015, majimbo sita kati ya kumi ya mkoa huu yakaenda upinzani: Kawe, Ubungo, Kibamba, Ukonga, Kinondoni na Temeke. Wengi wanaukumbuka ushindi ule kwa helikopta na mikutano ya Jangwani. Katibu wa tawi hili anaukumbuka kwa daftari. Wenyeviti wa mitaa wa 2014 walikuwa wanajua nani anakaa nyumba gani, nani kahama, nani anaweza kukaa kituoni tangu asubuhi mpaka matokeo yabandikwe ukutani bila kurubuniwa kwa sahani ya wali. Mawakala wa mbunge walitoka kwenye daftari hilo. Kiti cha mtaa, ambacho watu wengi wanakiona kidogo, ndicho kilichobeba kiti cha bungeni.

Mwenyekiti alikuwa mmoja wa hao wa 2014. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi na kabati la chuma. Kazi yake kubwa kila siku ilikuwa barua ya utambulisho: ya kufungulia akaunti benki, ya kitambulisho cha taifa, ya kumdhamini mtoto aliyekamatwa, ya kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya halmashauri. Wanachama wa CCM, chama tawala, walikuja kwake, naye aliwagongea muhuri kama wengine. Nasisitiza hili kwa sababu litarudi.

Baada ya 2015 hali ikabana. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016. Kisha ikaja hamahama: wabunge wa Kinondoni, Ukonga na Temeke walijiuzulu kwa nyakati tofauti wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais, wakarudi bungeni kupitia CCM. Madiwani kadhaa wakafuata. Kufika 2019, mwanachama wa upinzani Dar es Salaam alikuwa amekwishazoea kulala akiwa na kiongozi na kuamka hana. Bila kulielewa jeraha hilo huwezi kuelewa uamuzi ambao tawi lilifanya baadaye.

## Wiki ya fomu

Uchukuaji na urudishaji wa fomu ulikuwa kati ya 29 Oktoba na 4 Novemba 2019. Uchaguzi huu ulisimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na wasimamizi wasaidizi walikuwa watumishi wa umma.

Katibu alijiandaa kwa namna ninayoiona hadi leo kuwa ya mfano. Aliwaita wagombea wote sita, mmoja wa uenyekiti na watano wa ujumbe, kwenye uwanja wa nyumba ya Fundi. Meza ilitandikwa kitambaa cha plastiki ili karatasi zisishike mafuta. Kila mtu alijaza kwanza kwenye nakala ya kivuli kwa penseli, Katibu akaisoma kwa sauti, ndipo ikajazwa fomu yenyewe. Jina la chama liliandikwa kwa kirefu chake, herufi kwa herufi, maana tayari zilivuma habari za watu kukatwa kwa kuandika kifupisho. Mama Lishe alipotaka kuandika kazi yake kuwa "mjasiriamali", Katibu alimkatalia: "Andika unachofanya. Unauza chakula, andika mama lishe." Kila ukurasa ulipigwa picha kwa simu mbili tofauti.

Walipopeleka fomu wakakuta ofisi imefungwa. Siku iliyofuata, kufuli lile lile. Katibu alinunua gazeti la siku hiyo, akalishika kando ya kufuli, wakapiga picha. Siku ya tatu walimpata msimamizi msaidizi na fomu zikapokelewa.

Majina yalipobandikwa, wanne kati ya sita walikuwa wameenguliwa, Mwenyekiti akiwa wa kwanza. Sababu yake iliandikwa kuwa hakujaza fomu kwa usahihi, bila kutajwa ni wapi alipokosea. Fundi aliambiwa sahihi zake hazifanani. Waliopita bila tatizo walikuwa Mama Lishe na mgombea ujumbe mmoja kijana. Rufaa zikaandikwa usiku huo huo, zikiambatanishwa na picha.

## Tamko linatoka

Tarehe 7 Novemba, kabla rufaa hazijajibiwa, CHADEMA ilitangaza kujitoa kwenye uchaguzi nchi nzima. Siku zilizofuata ACT-Wazalendo, CUF, NCCR-Mageuzi na vyama vingine vikatangaza vivyo hivyo. Sababu ilikuwa moja: wagombea wao kwa maelfu wameenguliwa, na hakuna uchaguzi uliobaki wa kushiriki. Chama cha tawi hili kilikuwa miongoni mwa vilivyojitoa. Taarifa iliwafikia kupitia simu, kwenye kundi la WhatsApp la kata, kabla ya waraka wowote.

Kikao cha usiku huo kilifanyika pale pale uwanjani kwa Fundi. Mwenyekiti alisimama upande wa kujitoa: kuendelea ni kumpa mwizi risiti. Fundi alitaka rufaa zisubiriwe kwanza. Mama Lishe alikataa moja kwa moja. Maneno yake nimeyapata kwa watu watatu na yanafanana: "Mimi jina langu lipo ukutani. Nikilitoa mwenyewe, wale wanaokuja kuomba barua kesho niwaambie nini?"

Hoja zilizotolewa waziwazi zilikuwa mbili. Ya kwanza, chama kikigawanyika tawi kwa tawi, tamko la taifa halitakuwa na uzito. Ya pili, wajumbe wawili chini ya mwenyekiti wa CCM wangefanya nini zaidi ya kusaini mihutasari? Ni hoja nzuri zote mbili. Lakini iliyoamua kikao haikusemwa na mtu mpaka nilipowauliza mmoja mmoja baadaye. Kila mmoja aliogopa kuonekana amenunuliwa. Baada ya miaka miwili ya hamahama, mgombea yeyote ambaye angebaki kwenye karatasi wakati chama kimejitoa angeulizwa amepewa shilingi ngapi. Mama Lishe mwenyewe aliniambia hakushindwa kwa hoja usiku ule. Alishindwa kwa namna walivyokuwa wakimtazama. Mikono ikanyooshwa, wengi wakaunga mkono kujitoa.

Siku chache baadaye likatokea jambo ambalo hawakulitegemea. Waziri wa TAMISEMI, Selemani Jafo, alitangaza kwamba wagombea waliochukua na kurudisha fomu waruhusiwe kugombea. Mwenyekiti alipigiwa simu na mtu wa ofisini: jina lako limerudi.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka. Katibu alipiga simu jimboni kuuliza: sasa tunarudi au haturudi? Jimbo likauliza mkoa. Jibu likashuka kwamba msimamo ni ule ule. Akauliza tena: je, kuna kitu serikali ikikifanya ndipo tutarudi? Hakupata jibu. Nadhani hakupata kwa sababu halikuwepo. Ngazi za juu ziliona, na si bila sababu, kwamba ruhusa iliyotolewa kwa mdomo wa waziri inaweza kuondolewa kwa mdomo huo huo, na kwamba siku za kampeni zilizobaki, 17 hadi 23 Novemba, hazitoshi kurekebisha kilichoharibika. Lakini maelezo hayo hayakulifikia tawi. Lilichopata ni sentensi moja.

Waliandika barua sita za kujitoa, wakazipeleka kwa msimamizi msaidizi. Ya Mama Lishe ilichelewa siku moja.

## Matokeo

Tarehe 24 Novemba 2019 kwenye mtaa huu hakukuwa na foleni wala kituo. Mgombea wa CCM alipita bila kupingwa pamoja na wajumbe wake, kama ilivyokuwa sehemu nyingi nchini. Kitaifa CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi.

Makabidhiano yalikuwa ya heshima. Mwenyekiti alitoa muhuri, kidau cha wino, daftari la wakazi, faili la mauziano ya viwanja na kitabu cha stakabadhi za taka, akavitaja kimoja kimoja na kuomba asainiwe. Mtu aliyempokea alikuwa jirani yake. Mwenyekiti huyo mpya naye hakupata raha kama watu wanavyodhani. Alipopita kuhamasisha ada ya taka na michango ya ulinzi shirikishi, alikutana na swali moja nyumba baada ya nyumba: nani alikuchagua? Watu waliokuwa wakitoa walianza kukwepa. Yeye mwenyewe aliniambia angependa kupigiwa kura, hata kama angeshinda kwa kura chache.

Upande wa tawi, mambo yalififia. Hakukuwa na kampeni ya kufanya, na mikutano ya hadhara ilikuwa bado imezuiwa. Wanachama walikaa nyumbani wakisubiri maelekezo ambayo hayakuja. Daftari la wakazi lilikuwa limekabidhiwa kihalali ofisini, na tawi halikuwa na lake. Vijana waliokuwa wakipatikana kirahisi kwa sababu ofisi ya mtaa ilikuwa mahali pa kukutana, wakatawanyika.

Oktoba 2020 jimbo likaomba majina ya mawakala wa kura za Rais, mbunge na diwani. Katibu alikuwa na wiki chache za kuwatafuta watu wa kukaa kwenye kila kituo cha mtaa wake. Alipata pungufu. Baadhi ya aliowapata walikwama kwenye barua za utambulisho na kiapo, wengine waliingia kituoni wakati upigaji kura umekwishaanza. Majimbo yote kumi ya Dar es Salaam yakaenda CCM. Upinzani ulilalamikia uchaguzi huo kwa uzito mkubwa, na siwezi kudai kwamba mawakala wa tawi moja wangebadilisha matokeo ya jimbo. Ninachoweza kusema ni kwamba chama kilipotaka ushahidi wa kilichotokea vituoni, kutoka mtaa huu kilipata fomu chache za matokeo, wakati 2015 kilipata za vituo vyote.

## Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kwa sababu hupuuzwa. Kazi ya Katibu kwenye fomu ilikuwa bora kuliko ya wanasheria wengi. Kila mgombea aliyeenguliwa alikuwa na picha ya kila ukurasa, na sababu za kuenguliwa zingeweza kuonyeshwa kuwa hazina msingi kwa kuweka picha mezani. Tamko la taifa lilipata uzito wake kutoka kwenye kazi kama hiyo iliyofanyika sehemu mbalimbali. Bila kumbukumbu, kujitoa kungeonekana kuwa ni kukimbia.

Kususia kwenyewe pia kulifanya kazi kwa siku chache. Watu husahau hili. Waziri aliyekuwa akisimamia utaratibu ulioengua maelfu alilazimika kulegeza. Shinikizo lilikuwa limefika. Kilichokosekana ni mlango wa kurudi. Anayesusia bila kutaja mapema ni jambo gani likitimizwa atarudi, hana namna ya kupokea ushindi mdogo unapokuja, kwa sababu kila atakachopewa kitaonekana ni mtego. Masharti yangekuwa, kwa mfano, waraka wa maandishi badala ya kauli, tarehe ya uchaguzi isogezwe mbele, na sababu za kila aliyeenguliwa zitolewe. Serikali ingeyakataa, chama kingebaki nje kikiwa na hoja kali zaidi. Ingeyakubali, chama kingeingia kikiwa kimeshinda jambo. Katibu aliuliza swali sahihi kabisa kwenye simu, na inauma kwamba mtu wa ngazi ya tawi ndiye aliyeliuliza kwanza.

Kosa la pili ni asubuhi ya siku iliyofuata. Kampeni, hata ya uchaguzi mbovu, huwapa wanachama kazi: kutembea nyumba kwa nyumba, kuandika majina, kufundisha mawakala. Ukiiondoa, lazima uweke nyingine mahali pake. Tawi lingeweza kuendelea kuandaa daftari lake la wakazi wanaoliunga mkono. Mwenyekiti wa zamani angeweza kusaidia watu kuandika maombi yao, hata bila muhuri. Watu wangeendelea kuja kwake, maana walimzoea. Hakuna sheria iliyozuia hayo. Hayakufanyika kwa sababu tamko lilisema nini kisifanyike tu.

Suala la Mama Lishe nalitazama kwa uzito wa pekee. Swali lake kuhusu barua lilikuwa la kisiasa kuliko hotuba zote za kikao kile, kwa sababu liliuliza mwananchi wa kawaida anapata nini au anapoteza nini chama kikitoka. Halikujibiwa. Mkazi aliyekwenda ofisini Desemba 2019 hakuona msimamo wa kanuni. Aliona wale aliowapigia kura 2014 wameondoka bila kumuaga. Chama hakikuandika hata karatasi moja ya kubandika ukutani kueleza kwa nini. Na ile hofu ya kuonekana umenunuliwa, ambayo ilifunga midomo, ingepungua kama kikao kingepiga kura ya siri. Kunyoosha mikono mbele ya majirani usiku, baada ya hamahama yote ile, si njia ya kupata ukweli wa mtu.

## Kulinganisha

Si Tanzania peke yake iliyopitia haya. Bangladesh, Januari 2014, chama kikuu cha upinzani kilisusia uchaguzi wa bunge, na viti 153 kati ya 300 vikapita bila kupingwa. Serikali ilikaa muhula wake. Venezuela, Desemba 2005, vyama vya upinzani vilijitoa siku chache kabla ya kura, na bunge zima la viti 167 likawa la upande wa Rais Hugo Chávez, likapitisha lilichotaka kwa miaka mitano. Karibu zaidi na sisi, CUF ilisusia marudio ya uchaguzi wa Zanzibar ya 20 Machi 2016, Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 91, na CUF ikakosa sauti ndani ya Baraza la Wawakilishi. Kote huko hoja ya kususia ilikuwa na msingi. Kote huko waliobaki ndani hawakuona aibu ya kutosha kuwafanya waondoke.

Ila mtu asichukue mifano hii kusema kushiriki ndiyo dawa. Novemba 2024 vyama vilishiriki uchaguzi wa serikali za mitaa, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi yale yale, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98. Ukitazama namba hizo mbili, za 2019 na 2024, huwezi kutambua upi ulisusiwa. Tofauti iko kwenye kile ambacho tawi linabaki nacho siku ya pili. Aprili 2025 CHADEMA haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikisimamia madai ya mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi kwanza, ikazuiwa kushiriki uchaguzi wa Oktoba. Safari hiyo masharti yalikuwa yanajulikana na kila mwanachama aliweza kuyataja, na hilo ni hatua kubwa kutoka 2019. Yaliyotokea kuanzia 29 Oktoba 2025, watu wetu kupoteza maisha mitaani, yanahitaji uchambuzi wake peke yake, na sitayafanya kuwa aya moja kwenye kisa cha fomu na mihuri.

## Tawi lilivyo

Mwenyekiti hakugombea tena. Fundi bado anatoa uwanja wake kwa vikao. Mwaka 2024 tawi lilimsimamisha Mama Lishe kugombea uenyekiti wa mtaa. Fomu yake ilijazwa kwa penseli kwanza, kama zamani, na haikukatwa. Alitangazwa kushindwa. Safari hii kulikuwa na wakala kituoni tangu kufunguliwa, na nakala ya matokeo iliyosainiwa iko kwa Katibu, pamoja na daftari la majina ambalo ni la tawi lenyewe. Kikao kilichofuata, wanachama walikubaliana kwamba siku nyingine jimbo likiwaletea tamko la kujitoa, wataomba kwanza maandishi yanayosema ni nini kitawarudisha, na uamuzi wa tawi utapigiwa kura ya siri.